Mfamasia anapopunguza vidonge vya mgonjwa wa saratani

Dawa zinakuwaje nyingi hivyo?

Kila daktari anaongeza yake, na ni nadra mtu kuandika tarehe ya kuacha. Mgonjwa anapewa deksamethasoni ya siku chache kuzuia kutapika, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Deksamethasoni inakwisha, omeprazoli inaendelea miezi.

Nyingine zinavutana. Amlodipini ya presha inavimbisha miguu. Uvimbe unadhaniwa ni moyo, au saratani yenyewe, inaandikwa furosemidi ya kutoa maji kwa mkojo. Furosemidi inashusha madini ya potasiamu mwilini, vinaongezwa vidonge vya potasiamu. Dawa tatu, na chanzo ni ile ya kwanza.

Mfamasia anafanya nini hasa?

Anaanza na mfuko. Mgonjwa au anayemuuguza aje na kila kitu: vidonge, dawa za maji, vitamini, mitishamba, hata zile za kuazima ambazo watu huona aibu kuzitaja. Analinganisha na faili, anatazama vipimo vya figo na ini, presha, sukari na uzito wa sasa. Kisha kila dawa inahojiwa: inatibu nini leo? Ilipaswa kuisha lini? Inagongana na dawa ya saratani? Mwishowe anaandika pendekezo, na uamuzi ni wa daktari na mgonjwa.

Zipi huondolewa mara nyingi?

Kwa saratani iliyofika mbali, dawa za kolesteroli huwa za kwanza kutazamwa, kwani zinakinga maradhi ya miaka mingi ijayo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2015 lilihusu wagonjwa waliotarajiwa kuishi chini ya mwaka mmoja: walioziacha hawakuonekana kufa mapema zaidi, na hali yao ya maisha ilikuwa afadhali kidogo.

Dawa za presha nazo. Dozi iliyopangwa mtu akiwa na kilo 80 ikimkuta na kilo 55, anainuka kitandani, kizunguzungu, anaanguka. Glibenklamidi ya kisukari kwa asiyekula vizuri inaweza kushusha sukari hadi akapoteza fahamu.

Omeprazoli ina ubaya gani?

Baadhi ya vidonge vya saratani, kama erlotinibu na dasatinibu, huhitaji asidi ya tumbo ili viyeyuke. Asidi ikizimwa na omeprazoli, mwili unafyonza dawa pungufu, na mgonjwa anameza kila siku akidhani anatibiwa kikamilifu. Ila aliyewahi kutokwa damu tumboni huenda akaihitaji bado. Hapo mfamasia na daktari hutafuta njia nyingine.

Naweza kuacha mwenyewe?

Usijaribu. Steroidi, kama deksamethasoni, iliyotumika zaidi ya wiki 3 hushushwa polepole, maana tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini zimelala. Atenololi ya presha ikikatwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kuuma. Omeprazoli ya muda mrefu mara nyingi hushushwa kwa nusu dozi wiki 2 hadi 4, la sivyo kiungulia kinarudi kwa nguvu. Na inaachwa dawa moja kwa wakati: ukiacha tatu pamoja kisha hali ikabadilika, hutajua ni ipi.

Ipi watu huiacha kimakosa?

Ya kulainisha choo, kwa anayetumia mofini ya maumivu. Wanasema, "Choo changu kiko sawa." Kiko sawa kwa sababu ya dawa hiyo. Kichefuchefu cha mofini mwili hukizoea ndani ya siku kadhaa. Kufunga choo hauzoei.