Nilo-Hamitiki Si Ukoo wa Lugha: Mwongozo kwa Waandishi na Wahariri

Malalamiko kuhusu miswada ya historia na vibao vya maonyesho yanazidi, na mengi yanahusu neno Hamitiki, jina la kale la kundi la lugha na watu lililotokana na Hamu mwana wa Nuhu, na mtoto wake, Nilo-Hamitiki, lililobandikwa Wamaasai, Wakalenjin na wenzao. Tunaamini waandishi hawana nia mbaya. Wamenakili vitabu walivyosomea. Lakini mwanaisimu Joseph Greenberg alikwisha kuliondoa neno hilo katika uainishaji wake wa lugha wa 1963. "Ndivyo tulivyofundishwa" si utetezi tena.

Mwaka 1912 mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof aliweka katika kapu moja la Hamitiki Kisomali, Kihausa, Kifulani, Kimaasai na Kinama. Kigezo cha jinsia ya kisarufi alikichanganya na maumbile ya watu na ufugaji wa ng'ombe, na ng'ombe hana sarufi. Leo Kisomali (tawi la Kikushi) na Kihausa (Kichadi) zimo katika familia ya Afro-Asia, Kifulani ni Niger-Kongo, Kimaasai ni Kiniloti, Kinama ni cha familia ya Khoe.

Mnandi akisema macho husema konyek, Mmaasai, inkonyek. Maziwa kwa Mnandi ni chego, kwa Mjaluo chak. Ulinganifu wa namna hii, ukijirudia katika msamiati wa msingi na sarufi, ndio unaoonyesha ukoo. Kijaluo ni Kiniloti cha magharibi. Kimaasai, Kiturkana na Kiteso cha mashariki. Kikalenjin na Kidatooga cha kusini. Hakuna nusu-Hamitiki katikati.

Usisahihishe kwa kuiamuru kompyuta ibadilishe neno zima zima. Ukibadilisha "Hamitiki" kuwa "Kushi" kote, Wamaasai watageuka "Nilo-Kushi", kosa jipya lisilo na hata historia. Soma kila sentensi, uulize ni lugha gani inayotajwa, kisha andika jina la lugha hiyo na tawi lake. Nukuu na majina ya vitabu vya zamani yabaki kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na mwaka.

Ikiwa sentensi inawahusu Watutsi, hakuna neno la kuweka badala yake: futa. Watutsi, Wahutu na Watwa wa Rwanda wote huzungumza Kinyarwanda, lugha ya Kibantu. Dai la kwamba Watutsi ni Wahamitiki wageni lilienezwa na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1863. Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera alihubiri warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo, yaani wauawe na kutupwa mtoni. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haya ni maneno tu.

Majina waliyopewa watu na majirani nayo yaangaliwe. Mang'ati ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Andika Wadatooga, au Wabarabaig ikiwa ndio hasa wanaotajwa. Dorobo nalo lilimaanisha maskini asiye na ng'ombe. Taja Waakie au Waogiek. Wanyika ni Wamijikenda. Kavirondo lilibandikwa Wajaluo na Waluhya kwa pamoja, hivyo hakikisha kwanza ni nani.

Wabantu? Afrika Mashariki neno hili halina ubaya likitaja wasemaji wa lugha za Kibantu. Afrika Kusini lilikuwa lebo ya serikali ya ubaguzi, hadi kwenye Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953; huko usiwaite watu hivyo. Wala lugha si damu: Wasuba wa Mfangano na Rusinga wana asili ya Kibantu, na wengi wao leo huzungumza Kijaluo.

Kuhusu adhabu, nchini Kenya kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu maneno ya vitisho, matusi au dharau yanayochochea chuki ya kikabila: faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kosa la uainishaji peke yake halikupeleki huko. Hata hivyo, mswada urejeshwe ukiwa na orodha ya kurasa zilizorekebishwa, neno la zamani, neno jipya na msimbo wa lugha wa herufi tatu: mas kwa Kimaasai, luo kwa Kijaluo, irk kwa Kiiraqw, swh kwa Kiswahili cha pwani, swc kwa kile cha Kongo. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa haviondolewi rafuni. Hubandikwa karatasi ya masahihisho ndani ya jalada la mbele.