Kimea si kila mbegu iliyochipua

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa, kisha ikasagwa. Siku hizi watu wanashauriana "kutia kimea kwenye juisi" ili kutuliza tumbo linalosumbua, na ukiuliza ni kimea gani, unaonyeshwa choroko mbichi zenye vimkia vyeupe, zilizooteshwa jikoni na kusagwa kwenye blenda pamoja na embe. Hicho si kimea, na mwenye tumbo nyeti ndiye anayeumizwa na mkanganyiko huu.

Naelewa mkanganyiko huu unakotoka. Kimea na mmea vyote vimezaliwa na kumea, basi mtu huona chochote kilichomea kinastahili jina hilo. Lakini waulize wanaokitengeneza. Anayepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, huotesha ulezi, akauanika hata ukakauka kabisa, akausaga; anayetengeneza togwa, kinywaji cha nafaka iliyochachushwa kidogo, hufanya vivyo hivyo. Kwao kimea ni unga, na kazi yake inajulikana. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga. Tia kijiko cha kimea kwenye uji mzito uliopoa kidogo, utauona unalegea palepale. Ndiyo maana miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea katika uji wa watoto: unga mwingi zaidi ndani ya bakuli lilelile, na mtoto bado anameza bila taabu. Tena wenye ujuzi wa mtama hupukusa vichipukizi na vijizizi kabla ya kusaga, kwa sababu humo ndimo kuna kemikali inayotoa sumu ya sainidi. Kukausha, kupukusa na kupika ni sehemu ya kimea. Ukiviacha, umebaki na mbegu iliyochipua tu.

Mbegu iliyochipua nayo ina heri yake, sitaki kuionea. Choroko kavu zina aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa. Zikichipua, mbegu yenyewe hutumia sehemu ya sukari hizo kukua. Kwa hiyo wengi wenye tumbo la gesi huziona nyepesi kuliko choroko za kawaida.

Shida ni ubichi. Unyevu, joto na siku kadhaa za kusubiri ndivyo bakteria wanavyovipenda. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa na maelfu wakaugua kwa bakteria aina ya E. coli, na chanzo kilichobainika kilikuwa uwatu uliooteshwa, mbegu zilezile zinazouzwa kwenye maduka ya viungo Zanzibar na Mombasa. Kuosha hakutoshi, maana vijidudu hujificha kwenye nyufa za mbegu. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wasile mbegu hizi mbichi kabisa. Maharage yaliyochipua asiyale mabichi mtu yeyote: yana sumu yake inayoondoka kwa kuchemka sawasawa tu.

Na juisi? Bilauri moja ya chungwa hubeba machungwa matatu au manne, na ukiichuja umetupa nyuzinyuzi nyingi ukabakiza sukari. Embe, tikitimaji na tofaa zina fruktosi nyingi, aina ya sukari ya matunda ambayo wenye tumbo nyeti wengi hawaimudu. Nanasi au papai huwa pole zaidi. Anza na nusu bilauri, pamoja na chakula, na usianze juisi mpya na choroko zilizochipua siku moja, kwa sababu tumbo likichafuka hutajua kilicholichafua. Ukiona damu chooni au mwili unapungua bila sababu, acha majaribio uende hospitali.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesaga choroko mbichi na embe asubuhi, nia yako ni njema na mbegu zako ni chakula kizuri. Ziite choroko zilizochipua. Zichemshe hadi ziive, uzile na wali, juisi uinywe kivyake. Kimea kiache kwenye uji.