Microsoft hawakulala, walipanda tungule chini ya mkarafuu

Juzi tena, Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe Unguja, kikombe cha kahawa hakijanifika mdomoni, kijana mmoja ananambia: "Maalim, Microsoft walilala bwana. Simu hawakuiona inakuja." Nimeshalisikia kwa wanafunzi wangu, nimelisikia kwa wenye hoteli ninaowatengenezea mifumo ya buking, na sasa limehamia barazani. Basi naliandika hapa, wa kesho nimpe linki ninywe kahawa yangu.

Windows CE ya vifaa vya mkononi ilitoka 1996. Pocket PC, kompyuta ya kiganjani, ikaja 2000. Kompyuta za kuandikia kwa kalamu juu ya kioo waliziingiza sokoni 2002, miaka minane kabla ya iPad. Aliyelala hafanyi hayo.

Kinachonikera ni hii imani kwamba kampuni kubwa huchagua teknolojia kwa kupiga ramli: huyu kaona mbali, yule hakuona. Kuona si kazi. Wana watu wanaolipwa kuona, na huona hata visivyokuwepo. Suala ni mkarafuu. Mtu wa Pemba ana shamba la mikarafuu inayozaa, umwambie tungule zina bei. Anajua, sokoni anafika. Lakini hakati mkarafuu alioungoja miaka kwa ajili ya tungule. Atazipanda chini yake. Zitaota, zitarefuka kutafuta jua, na hazitozaa.

Mkarafuu wa Microsoft ni Windows na Office. Aliyewahi kuishika Pocket PC anakumbuka: kitufe cha Start juu pembeni, menyu za kompyuta ya mezani zimebanwa kwenye kioo cha kiganja, na kijiti cha kuchokolea. Ilikuwa Windows iliyofinywa. Hata bei ilifuata mkarafuu: mtengenezaji alipie leseni kwa kila simu, kama anavyolipa wa kompyuta. Google wakaja na Android 2008, leseni hawatozi, maana mkarafuu wao ni matangazo. Microsoft walipokuja kuifuta ada yao kwa vifaa vya kioo cha chini ya inchi 9 ilikuwa 2014, na watu wameshahama. Mwaka huohuo wakakamilisha kuinunua biashara ya simu ya Nokia. 2015 wakafuta vitabuni dola bilioni 7.6 za biashara hiyo, hasara.

Mbona intaneti waliikimbilia? Ndiyo, waraka wa Bill Gates kwa wakuu wake ni wa Mei 1995, na kivinjari chao, Internet Explorer, kikatoka mwaka uleule, msingi wake wameuchukua kwa leseni kutoka kampuni ya Spyglass badala ya kungoja waujenge wenyewe. Ikaishia bure, ndani ya Windows. Kivinjari cha wapinzani, Netscape, kilitishia kuifanya Windows isiwe na maana, kwa hiyo mbio zile zilikuwa za kuulinda mkarafuu.

Panaponishinda ni Azure, huduma yao ya kukodisha seva kupitia intaneti. Ilifunguliwa 2010, na kila mteja aliyehamia huko ni mteja asiyenunua tena leseni ya seva kwa mtindo wa zamani. Pale walishika shoka wenyewe. Huwa najijibu kwamba Amazon walishaanza biashara hiyo tangu 2006, na kwamba mnunuzi ni yuleyule wa leseni za seva, muuzaji yuleyule. Kuna siku jibu hilo linanitosha, kuna siku naliona kiraka.

Na msinambie aliyewageuza ni mkuu wao Satya Nadella peke yake. Alikabidhiwa kampuni Februari 2014, Office ya iPad ikatoka Machi. Programu kama ile haiandikwi kwa wiki saba. Ilianzwa chini ya Steve Ballmer, mkuu aliyemtangulia, yuleyule tunayemcheka kwa kuicheka iPhone.

Kijana wangu wa kahawa akauliza, na akili mnemba je? Nikamwambia, tazama ilipopandwa. Copilot ya ofisini, msaidizi wao wa akili mnemba, waliitoa 2023, imo ndani ya Word na Excel, ilianza kwa dola 30 kwa mtu kwa mwezi juu ya bei ya kawaida. Chini ya mkarafuu palepale.

"Kwa hiyo haitozaa?"

Explorer nayo ilipandwa palepale, nikamwambia, na ikatawala vivinjari kwa miaka.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sasa Maalim, na hiyo si ramli?"