Je, wajua? Atomi ya dhahabu ni nzito karibu mara mbili ya silva, ila saizi zao ni zilezile

Dhahabu ya Chunya, kule Mbeya, haitoki ardhini ikiwa dhahabu tupu, na sio ya Chunya tu, karibu kila dhahabu ya asili inakuja na silva ndani yake, ndo maana mnunuzi anapima kwanza kabla hajataja bei. Kwa nini silva? Sababu ziko kadhaa, ila moja iko kwenye piriodiki tebo (jedwali la elementi zote) na inapingana na kitu ambacho watu wengi wanakiamini hata bila kufundishwa, kwamba namba ya elementi ikipanda na atomi nayo lazima inenepe.

Ni rahisi kuamini hivyo. Tebo imepangwa kwa idadi ya protoni, chembe zilizo kwenye kiini cha atomi, haidrojeni ina 1, unahesabu hadi 118, na uzito kwa ujumla unapanda, sasa kitu kinaongezwa kila hatua kitaachaje kukua? Angalia sodiamu (11) na klorini (17), zote ziko mstari wa tatu. Klorini ni nzito kwa mara moja na nusu, lakini upana wake ni kama nusu tu ya sodiamu. Na sio ajali, kila mstari ukienda kulia kwa ujumla atomi zinasinyaa. Shida ni kwamba tunachanganya uzito na ukubwa. Uzito karibu wote uko kwenye kiini, na kiini ni kidogo mno, kinachoamua ukubwa ni elektroni za nje zimekaa mbali kiasi gani.

Chukulia mnada wa mitumba pale Mwanjelwa. Wauzaji katikati wanaita, hao ndo protoni, wateja wamewazunguka kwa duru, hao ndo elektroni. Walio mbele wanawaziba walio nyuma, ila mliosimama bega kwa bega duru moja hamzibani sana. Ukienda kulia kwenye tebo unaongeza muuzaji mmoja na mteja mmoja kwenye duru ileile ya nje, sauti inakuwa kubwa, wa kuziba hajaongezeka, basi wote wanasogea ndani. Ukishuka mstari mpya inaanza duru mpya nyuma ya zote, imezibwa, iko mbali, atomi inapanuka. (Elektroni hazijapanga foleni kihivyo, zimetanda kama wingu lisilo na ukingo, ndo maana vipimo vya upana vinatofautiana kidogo kulingana na njia ya kupimia.)

Sasa silva ni 47, dhahabu 79, safu moja, dhahabu iko chini yake. Kwa hesabu ya duru dhahabu ilitakiwa iwe kubwa zaidi. Lakini mstari wa sita una kitu ambacho wa tano hauna, lanthanidi, namba 57 hadi 71, na elektroni zinazoongezeka humo zinaingia tabaka la ndani ila ni wazibaji wabovu kweli, yaani wapo mbele na bado sauti inapita. Kiini kinazidi kuvuta, atomi inasinyaa hatua kwa hatua, ukija kufika kwenye dhahabu faida ya duru mpya imeshaliwa. Nusu upana wa zote unasoma kama pikomita 144 (pikomita moja ni sehemu ya trilioni ya mita), na kwa kipimo kizuri cha fuwele dhahabu ni ndogo kidogo! Hapo pia kuna mchango wa elektroni za atomi nzito kwenda kasi sana karibu na kiini, hiyo ni hadithi ndefu.

Kwa hiyo silva inakaa nafasi ya dhahabu bila kubanana. Saizi peke yake haitoshi, ila pia jinsi atomi zinavyojipanga ni moja kwa metali zote mbili, na maji ya moto ya chini ya ardhi huwa yanazibeba pamoja.

Mchezo huohuo uko kwa niobiamu, madini ya pale Panda Hill nje kidogo ya Mbeya. Ndugu yake wa mstari wa chini, tantalamu, ana karibu saizi ileile, na mwaka 1809 mkemia Wollaston wa Uingereza alitangaza kabisa kwamba hizo mbili ni elementi moja. Ilibidi isubiriwe 1844 Mjerumani Heinrich Rose aonyeshe kuwa ni mbili.