Samaki wa Feri analika, ila angalia unakula sehemu gani

Kwa kuwa nashughulika na usalama wa chakula, swali ninaloulizwa zaidi hapa Dar ni kama samaki wa soko la Feri bado wanafaa, maana wanasikia wamejaa plastiki. Wanafaa, na nyumbani kwangu tunawala. Ila kuna samaki na samaki.

Plastiki tunazozisema ni vipande visivyozidi milimita 5: mifuko, chupa na nyavu zilizochakaa kwa jua na mawimbi, pamoja na nyuzi za nguo zinazotoka tukifua. Katazo la mifuko la Juni 2019 limesaidia, lakini mvua kubwa zikinyesha Mto Msimbazi bado unateremsha chupa na viroba hadi baharini.

Samaki akivimeza, vingi huishia kwenye utumbo. Maabara tunauyeyusha utumbo kwa potasiamu haidroksaidi, tunachuja, kisha tunaweka kichujio chini ya hadubini. Mara nyingi kinachoonekana ni uzi mwembamba, wa bluu au mweusi. Uguse kwa ncha ya sindano ya moto: wa plastiki hujikunja na kuyeyuka, wa pamba hauyeyuki. Utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, uliochapishwa 2016, ulithibitisha plastiki kwa samaki mmoja kati ya watano.

Kwa hiyo samaki kama changu akishapasuliwa na kutolewa matumbo, sehemu kubwa ya tatizo imeondoka nayo. Dagaa mchele na kombe tunawala wazima, matumbo yakiwemo. Kombe wa pwani yetu wameshapimwa na plastiki ikakutwa.

Kuhusu afya, mwaka 2024 watafiti wa Italia walieleza wagonjwa 257 waliosafishwa mishipa ya shingo. Wagonjwa 150 walikutwa na plastiki kwenye mafuta yaliyoganda humo, na hatari yao ya shambulio la moyo, kiharusi au kifo ilikuwa zaidi ya mara nne ya wenzao. Huo ni uhusiano tu, si uthibitisho kwamba plastiki ndiyo chanzo, wala haikuonyeshwa kwamba ilitoka kwa samaki.

Ndiyo maana inaniuma mama akimnyima mwanawe dagaa kwa hofu, huku jikoni wali umefunikwa nailoni juu ya moto. Plastiki ikipata joto huachia vipande na kemikali moja kwa moja kwenye chakula. Nailoni hiyo iondoke leo, wali ufunikwe kwa sahani ya bati au jani la mgomba, na mtoto apewe dagaa wake, mifupa kwa nyama, apate kalsiamu.