Hesabu ya siku: kwa nini timu kubwa inaanguka mapema Hoover

Kila mwezi wa tano nikishapost matokeo ya besiboli ya vyuo vya Marekani napata meseji za aina moja. Timu imeongoza konfrensi yake, yani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, msimu mzima, imefika kwenye mashindano ya kumaliza msimu, imepigwa mechi ya kwanza na safari imeishia hapo, sasa watu wanauliza vipi, wamelegea? Mimi kazi yangu kwenye timu ya chuo ni kuhesabu mipira anayorusha kila pitcha, yule mrushaji anayemrushia mpigaji, na siku alizopumzika, kwa hiyo leo nieleze kwa upande wangu, maana bila hiyo hesabu mashindano haya hayaeleweki kabisa.

Tuchukue SEC, konfrensi ya vyuo vya kusini, kina LSU, Vanderbilt, Tennessee, Arkansas. Mashindano yao yanachezwa Hoover, Alabama, mji ulio jirani na Birmingham, na yamekaa hapo mfululizo tangu 1998 ukitoa 2020 yalipofutwa kwa ajili ya korona. Mwaka 2025, Texas na Oklahoma wakiwa wameshaingia, timu zote 16 zilialikwa na ikawa mtoano wa moja kwa moja, ukipoteza unaondoka. Nne za juu zinasubiri hadi robo fainali kwa hiyo zinahitaji kushinda mechi 3 tu, wa 5 hadi wa 8 mechi 4, waliobaki mechi 5 kuanzia Jumanne hadi Jumapili.

Mechi 5 ndani ya siku 6! Kwenye mpira wa miguu ungesema ni ratiba ngumu tu, kwenye besiboli ni zaidi ya hapo kwa sababu pitcha anayeanza mechi akirusha mipira mia hivi mkono wake umeisha kwa wiki hiyo. Msimu wa kawaida umejengwa juu ya hilo, mechi 3 kila wikendi dhidi ya timu moja, pitcha bora anaanza ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu, halafu wanakaa mpaka wikendi nyingine. Mechi za katikati ya wiki wanapewa vijana wa mwaka wa kwanza.

Sasa shika kalenda ya 2025 uone. Wikendi ya mwisho ya ligi ilianza Alhamisi tarehe 15 Mei, mashindano ya Hoover yakawa tarehe 20 hadi 25, na mashindano ya taifa yakaanza Ijumaa tarehe 30. Kocha akimtumia pitcha wake bora Jumatano ya Hoover, huyo kijana atakuwa na siku 8 kamili kabla ya ile Ijumaa, safi kabisa. Akimweka fainali Jumapili anabakiwa na siku 4 za kupumzika, na mkono wa kijana wa miaka 20 aliyezoea wiki nzima hauwezi kurudi vilevile. Asipomtumia kabisa, zinapita siku 14 bila kusimama kwenye mechi, anapoteza ule mguso wake. Ndio maana utaona pitcha nyota anarusha ining'i (vipindi vya mechi) 2 au 3, mipira 40 hivi, anatolewa huku anafanya vizuri na mashabiki wanapiga kelele. Kocha hajachanganyikiwa, anaangalia tarehe 30.

Na timu kama hiyo nafasi yake ya taifa ipo tayari, kamati inayopanga timu za taifa inaichagua hata ikifungwa Hoover. Mississippi State 2021 walipoteza mechi zao zote mbili pale (wakati huo baada ya raundi ya kwanza timu ilitolewa ikipoteza mara mbili), tena kwa kipigo kizito, mwezi uliofuata wakachukua ubingwa wa taifa Omaha, mji zinapochezwa fainali za taifa. Ole Miss 2022 walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza kabisa, wakaingia kwenye zile timu 64 za taifa kwa shida sana, wakabeba kombe. Upande wa pili Vanderbilt 2025 walishinda Hoover, wakamfunga Ole Miss 3-2 fainali, wakapewa namba 1 ya nchi nzima, na wakatolewa nyumbani kwao Nashville kwenye hatua ya kwanza ya taifa. Ila Tennessee 2024 walibeba vyote, ligi, Hoover na Omaha, kwa hiyo sisemi kushinda Hoover kunaleta mkosi, nasema tu usilitumie kombe hilo kupima nani ni bora.

Konfrensi ndogo ndio habari nyingine kabisa, na huko ndiko moyo wangu ulipo. Kule mara nyingi kamati haichagui mtu, anayeingia taifa ni bingwa wa mashindano peke yake, ukikosa msimu umekwisha na wale wa mwaka wa nne wamevua jezi moja kwa moja. Stony Brook walipita njia hiyo 2012, wakatwaa America East, konfrensi yao ndogo, wakaenda kumtoa LSU palepale kwao Baton Rouge wakafika Omaha. Kwa hiyo hakuna kocha wa huko anayehesabu tarehe 30, anatumia mkono wowote uliopo leo.

Hapo ndipo naumia. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haijaweka kikomo cha mipira anayoruhusiwa kurusha pitcha, na mashindano mengi bado ni ya kutolewa ukipoteza mara mbili, yani timu iliyoanguka mapema inaweza kucheza mechi mbili kwa siku ili irudi juu. Niliwahi kuhesabu kijana wetu mmoja, Alhamisi mipira 112, Jumapili akaomba mwenyewe apewe tena, akarusha 47. Kuanzia wa 30 spidi ilikuwa inashuka na mipira inapaa juu, nikapeleka karatasi kwa benchi, wakaiona, wakamwacha. Tulishinda. Kile kiwiko kilifanyiwa upasuaji kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba mtoano wa SEC wa mechi moja umeua ladha ya zamani, mi niko upande wa mtoano. Mechi zikipungua, mikono inapona. Na wewe ukiangalia mwaka huu, kabla hujasoma msimamo tafuta nani anaanza kurusha na mara ya mwisho alirusha lini.