Je, wajua kwa nini mashine ya boti huogeshwa maji matamu ikitoka baharini?

Samaki wakishashushwa, kuna kazi moja ambayo mwenye mashine makini haiahirishi. Anaifungua mashine nyuma ya boti na kuipandisha begani. Ile ya farasi 15 ina kilo 40 hivi, kijana mwenye nguvu anaimudu peke yake. Anaifunga kwenye ubao uliosimamishwa juu ya pipa la maji ya kisima, anaiwasha, na mashine inanguruma hapo hapo kwa dakika kumi hivi bila kwenda popote. Petroli bei yake inajulikana. Kwa nini anaichoma bure namna hii?

Ukiuliza pwani utajibiwa haraka: chumvi inaleta kutu. Ni kweli, ila mashine hiyo imepitisha maji ya bahari usiku kucha na haikulalamika. Mbona haraka inakuja ikishafika nchi kavu?

Tuanze na njia ya maji yenyewe. Gari hutembea na maji yake: yanazunguka kwenye injini, yanapoa kwenye rejeta, yanarudi tena. Mashine ya kufunga nyuma ya boti haina rejeta, bahari ndiyo inayoipoza. Kwenye mguu wake, karibu na propela, kuna matundu ya kuingizia maji. Ndani ya mguu huo mna pampu yenye impela ya mpira, yaani kigurudumu chenye mapanga, ambayo huyavuta maji na kuyasukuma juu kwa bomba jembamba hadi kwenye njia zilizozizunguka silinda. Yakishabeba joto, hutoka pamoja na moshi. Machache hurushwa nje kwa kitundu cha pembeni, na hapo ndipo nahodha anapotazama kujua kama mashine "inakojoa". Ikiacha kukojoa, zima kwanza, sababu utaitafuta baadaye.

Maji yakiwa mwendoni hayadhuru sana, maana yanaingia na kutoka, na chumvi yake inatoka nayo. Shida huanza pale unapozima. Maji mengi humwagika yenyewe kwa kuteremka chini, lakini utando mwembamba hubaki umegandamana na kuta, na vidimbwi vidogo hubaki kwenye kona na nyuma ya thamostati, kile kilango kinachoyafungulia maji mashine ikipata moto. Pampu imesimama, chuma bado kina moto. Utando ule unakauka upesi, na maji yakiruka hewani chumvi hairuki nayo.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji ya glasi moja tu, robo lita, yakikaukia ndani ya mashine yanaacha karibu gramu 9, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Kesho yake inaongezeka nyingine juu yake.

Na chumvi hiyo haibaki kavu. Umeshaona chumvi ya mawe inavyoloa kwenye kopo wakati wa masika bila mtu kuitia maji? Chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesiamu ndani yake, na hiyo hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mashine iliyowekwa bandani, ambayo kwa macho imekauka, ndani yake imepakwa maji ya chumvi makali kuliko ya bahari yenyewe, na yapo hapo usiku na mchana.

Mwili wa mashine ni wa aluminiamu. Madini haya hujilinda kwa ngozi nyembamba sana inayojitengeneza yenyewe yakikutana na hewa, ndiyo maana sufuria haiozi kama jembe. Kloridi huitoboa ngozi hiyo, na kila ilipotoboka panachimbika kashimo kenye unga mweupe. Hali huwa mbaya zaidi pale boliti ya chuma cha pua ilipoingia kwenye aluminiamu, kwa sababu metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi hugeuka betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Unga ule unavimba kwenye nyuzi za boliti na kuing'ang'aniza. Siku fundi akija kubadilisha thamostati, boliti haigeuki. Anaipiga moto, anaigonga, anajaribu tena taratibu, mwishowe kichwa kinakatika na kubaki kwenye spana. Kazi ya nusu saa imekuwa ya kutwa nzima, tena ya kutoboa na kuchonga nyuzi upya.

Maji matamu yanafanya kazi kwa sababu rahisi: yana nafasi. Lita moja inaweza kuyeyusha gramu 360 hivi za chumvi ya kawaida. Ndiyo maana hata kisima chenye ladha ya chumvi kidogo, na visiwani vipo tele, si cha kudharauliwa. Maji ya gramu mbili au tatu kwa lita bado ni matamu sana mbele ya yale ya gramu 35.

Ila wahi. Maji ya bahari yakipata joto sana huacha pia gamba la kalsiamu, na hilo haliyeyuki kwa maji matupu hata ukisuuza mpaka kesho. Linataka siki au asidi hafifu. Ni sababu mojawapo mashine hizi zimewekewa thamostati inayofunguka mapema, kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, wakati ya gari husubiri 80 na zaidi.

Thamostati hiyo ndiyo inayowaponza wenye haraka. Wanaiwasha kwenye pipa dakika moja, wanaona inakojoa, wanazima. Kumbe thamostati ilikuwa bado imefunga na sehemu kubwa ya maji hayakupita palipo na chumvi. Iache ipate moto, kwa mwendo wa chini, propela ukiwa umeitoa. Maji ya pipa yafunike matundu ya kuvutia vizuri, na yabadilishwe, maana chumvi yote inayotoka inaishia humo humo. Usithubutu kuiwasha kavu: mpira wa impela unalainishwa na maji, ukiyakosa huungua kwa muda mfupi sana. Mashine za siku hizi nyingi zina kiunganishi cha mpira wa bomba. Hicho kwa kawaida hutumika mashine ikiwa imezimwa, soma kitabu chake kwanza.

Meli kubwa hazina habari na pipa. Injini zake huzungushiwa maji matamu yaliyofungiwa ndani, na bahari inayapoza kupitia kifaa cha kubadilishana joto bila kuigusa injini.

Mwanza na Kigoma nako hakuna chumvi ya kusuuza, wao adui zao ni mchanga na magugu maji. Ndiyo maana muuzaji wa mashine iliyotumika hupenda kusema "hii ilikuwa ziwani". Mnunuzi mjanja habishani naye. Anaomba spana, anafungua kifuniko cha thamostati, na kuchungulia kama kuna weupe.